Ukimaliza, Nibipu

Mlango wa gemu langu ulikuwa mmbea.
Ulimjua kila apitaye: kama ni mbuzi, piga kengele;
kama ni askari, zima taa; kama ni mtoto mwenye ufunguo,
hesabu sarafu, cheza ngoma, fungua hatua ya nne.
Mistari mia mbili na kumi, na bado kila asubuhi
nilikuja na mgeni mpya, nikaupasua tena.
Mlango! Kazi yake ni kufunguka.

Chumba changu kiko nyuma ya cherehani ya Draru,
mtaa wa Oli, hapa Arua, ambako umeme
huja kama mkwe, haukai.
Kila kitambaa kwake kimebanwa karatasi kwa pini:
"Ukimaliza, bipu namba hii."
"Ukimaliza, mpe Zamzamu wa sokoni, yeye anajua."
"Ukimaliza usipige, mume wangu atasikia. Tundika dirishani."
Draru haulizi gauni linakwenda wapi.
Pindo la arusi na pindo la matanga
hulishona kwa mkono uleule.
Hukata uzi, husoma karatasi, hutenda,
huvuta kitambaa kingine.

Usiku ule, betri ikiwa asilimia kumi na tisa,
niliuvua mlango umbea wote.
Nikaubakishia mistari sita na mfuko mmoja mtupu:
ukishafunguka, tia mkono humo, lililomo lifanye.
Mbuzi akaja na skripti yake kinywani.
Askari na yake. Mtoto na yake.
Hata mvua, ambayo sikuwa nimeiwazia,
ikakabidhi yake, nao mlango usiulize neno.

Nilicheka peke yangu. Kisha gemu likaanguka.
Mtoto alikuwa amefutwa hatua moja nyuma,
na mlango, mtiifu, ulikuwa bado unamwita.

Kwenye msumari wa mwisho dukani
kuna gauni la kitenge cha zambarau.
Karatasi yake imekuwa rangi ya chai.
Kila Ijumaa Draru anaipiga namba ile.
Haipatikani.
Anaweka simu, anapangusa vumbi mabegani mwa gauni.

Mimi nimeongeza mstari mmoja: kama mwitwa hayupo, pita.
Gemu halianguki tena.
Nilimweleza Draru, nikijisifu kidogo.
Aliuma uzi, akautema, akasema:
"Huo mstari wako, baki nao."