Kupunguza

Miaka kumi na tisa napunguza nguo za watu
hapa Magomeni, kibaraza cha pili baada ya duka la magodoro.
Nimebana viuno, nimeshusha pindo,
nimeongeza kwapa la mama aliyeapa kwamba hajanenepa.
Vipimo vya kila mwanamke ninavyo daftarini.
Cha kifua changu sikuwahi kukiandika.

Mabega yangu yana mifereji miwili,
kazi ya kamba za sidiria.
Mwezi wa pili, joto likilalia bati kama pasi iliyosahaulika,
ngozi ya chini ya matiti huchubuka,
nami hupaka poda ya mtoto nimegeukia ukuta.
Wifi yangu Mwanakombo akasema: "Neema hiyo. Wenzio wanaitafuta."
Nikamjibu: nibebee basi, mpaka Ijumaa tu.

Daktari Mushumbusi hakucheka, wala hakunipaka mafuta.
"Utabaki na kovu: duara kuzunguka chuchu,
mstari wa kushuka, na mwingine umelala chini kwenye mkunjo.
Kama nanga. Na ngozi zetu hizi, kovu huweza kuvimba.
Ganzi huenda ikabaki. Ukizaa tena, maziwa
pengine yatatoka, pengine hayatatoka; sikuahidi.
Na hayatalingana sawasawa. Yatakuwa ndugu, si pacha."
Nilimwelewa. Mimi mwenyewe sijawahi
kushona mikono miwili ikalingana.

Pesa: upatu wa zamu mbili,
na ovaloki yangu, niliyomuuzia Chausiku wa Mwananyamala
bila kuitazama ikipakiwa.

Asubuhi ile alinisimamisha, kifua wazi,
akachora kwa kalamu ya zambarau.
Wima, maana kitambaa kikilazwa hudanganya.
Akapima kutoka kishimo cha koo mpaka chuchu
kwa utepe wa njano kama wangu,
hata sentimita ya kwanza imefutika.
Hapo ndipo nilipoona aibu:
si ya uchi,
ya kutokuwa mimi mwenye chaki.

Nilizinduka koo kavu, baridi ya kiyoyozi,
Nesi Atupele ananikanya nisijiinue kwa mikono,
mipira miwili inatiririsha maji mekundu kwenye vichupa.
"Gramu mia saba huku, mia saba na sitini kule.
Zimepelekwa maabara, ni kawaida."
Karibu kilo moja na nusu. Nyama ya kulisha wageni.
Nilidhani nitafurahi. Nililia.
Ramla alinyonya pale miezi kumi na minane.
Hakuna aliyenionya kwamba kitu kinaweza kukuchosha
na bado ukakililia.

Kisha makatazo: usinyanyue ndoo, usipande bodaboda,
lala chali, sidiria ngumu usiku na mchana, wiki sita.
Ramla ndiye aliyenichana nywele;
mikono yangu iligoma kuvuka mabega.
Siku ya nne nilijitazama nikaogopa:
zambarau, kijani, njano, yamevimba, yako juu mno,
kama ya sanamu za plastiki madukani Kariakoo.
"Yatashuka," daktari akasema kwenye simu. "Yape miezi."
Wiki ya tatu, pale mistari inapokutana,
mshono ukaachia, kitundu cha punje ya dengu.
Sikushtuka. Kona ndiyo huachia kwanza, kila fundi anajua.
Nilikwenda kusafishwa siku moja moja, Upanga, mpaka kikafunga.

Sasa ni mwezi wa saba.
Chuchu ya kushoto inasikia baridi, ya kulia bado imelala.
Kovu linawasha mvua ikikaribia.
Mgongo nausahau. Kutwa nzima nausahau,
halafu naukumbuka kwa kushangaa.

Jana Mwanakombo alikuja kujaribu gauni la harusi ya mpwa.
Nikampima. Utepe ulipopita kifuani
alishika bega lake, pale kamba inapokaa,
akatazama mlangoni, akashusha sauti:
"Iliuma?"

Nikatia pini mdomoni, nisijibu haraka.