Kichwa cha Siku Saba

Mkono wangu wa kushoto hauna malaika.
Nimewanyoa wote, nikijaribu makali
kati ya mteja na mteja,
na siku hizi kati ya mteja na mteja ni mchana kutwa.
Vijana wa Barabara ya Tisa wanataka mashine
inayonguruma kama nyuki ndani ya debe.
Mimi nina wembe wa kukunja, mpini wa pembe ya ng'ombe,
na vinoo vitatu kwenye beseni la maji.

Hiki cheusi nilikiokota mwenyewe mtoni Zigi.
Kizito, kimya, hakitoi hata tope.
Unapeleka wembe, unaurudisha,
unahesabu mia, unaanza upya,
unaona hakuna kinachotendeka,
kama kumsemesha shemeji aliyenuna.

Hiki cha kijivu aliniletea ndugu yangu Hoza
kwenye lori la mbao, toka miteremko ya Mombo.
Hoza hapendi kungoja, na jiwe lake ni hivyo hivyo.
Mara kumi tu maji yamekuwa wino,
wembe unakata karatasi,
unakata unywele hewani, unakata
na shavu la mteja. Mwalimu Shekue
alitoka hapa na vipande vitatu vya gazeti kidevuni,
akasema, kwa adabu zake,
"Leo hukuninyoa, umeninoa."

Na hiki cha manjano, rangi ya siagi,
mgongo wake zambarau:
baba aliachiwa na karani Mgiriki wa shamba la mkonge
badala ya deni la ndevu za miezi minane.
Kimetoka Ulaya, mlima gani sijui.
Ukikisugua kinatoa maziwa,
na wembe ukipita juu yake unasikia sauti
ya mtu anayekunja shuka jipya.
Baba alikifunga kwa kaniki.
Bei yake, kila alipoitaja, ilikuwa imepanda.

(Nakiri nilijaribu pia kijiwe cha mama cha kusagia liwa.
Kiliumega wembe kama mhogo mkavu.
Mama hakunisemesha mpaka Ijumaa.)

Juzi usiku akaja Mwanakombo wa Chumbageni.
Kesho akika ya mwanawe,
na wakwe hawataki kusikia habari ya mashine.
Kichwa cha siku saba!
Utosi bado unadunda, ngozi kama utando wa maziwa.

Nikaanza na cha Hoza, mara nne tu,
kuutoa wembe uzembe.
Nikahamia cha manjano mpaka maziwa yakawa maji.
Mkononi hapakuwa na malaika wa kujaribia,
nikapandisha suruali, nikajaribu mguuni.
Ulipita vizuri.
Ulipita kama mtu anayejua kwamba ni mzuri.
Sikuupenda.

Baba, akiupiga wembe kwenye mkanda wa ngozi, alikuwa akisema:

*Jiwe likiwa la pupa, wembe nao huwa jino,*
*Lenye subira hukupa makali bila maneno.*

Nikakirudia cheusi.
Mia. Mia tena. Maji matupu.
Kwenye mia ya saba, au ya nane,
muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti,
hesabu ikanipotea.
Nikauchemsha wembe, nikaufunga kwa kitambaa, nikaondoka.

Mtoto alipakatwa na bibi yake.
Nywele zilidondoka kisahanini, za kupimwa kwa fedha,
nyepesi hata nikabana pumzi.
Hakuamka. Alinyonya midomo yake mara mbili,
akaendelea na usingizi wake.
Bibi akapitisha kiganja kichwani, polepole, mbele mpaka kisogoni,
kisha akakitazama kiganja,
akakigeuza, akakitazama tena.
"Umenolea wapi?"
Nikamwambia, nyumbani.

Hoza ameshampata mnunuzi wa kile cha manjano.
Nimemwambia aulize bei tena mwakani.
Cheusi hajakiulizia mtu.
Kipo pale, kinazuia mlango
usibamizwe na upepo.