Ncha ya Pili ya Mpira

Mhandisi Kasozi alifika Kilembe na sanduku la manjano,
akakisimamisha kidude chake kwenye miguu mitatu,
akabonyeza. Mstari mwekundu
ukazizunguka kuta zote nne za darasa
kabla sijamaliza kufunga kamba ya kiatu.
"Sawa kwa sawa," akasema. "Na mtu mmoja anatosha."

Mtu mmoja.
Thembo alikuwa amesimama na mpira wetu begani,
mita kumi na mbili za mpira uliokuwa ukionyesha ndani,
sasa umegeuka rangi ya meno ya mvuta kiko,
ncha yake moja imefungwa kitambaa
cha kaptura aliyosomea darasa la sita.
Miaka kumi na moja tumeushika,
mimi huku, yeye kule,
katikati yetu maji yakijitafutia usawa.
"Panda kidogo." "Nimepanda." "Shuka unywele."
"Tulia." "Nimetulia." "Mkeo amejifungua?"
"Bado." "Piga alama."
Ndivyo tulivyojenga ghala la kahawa, zahanati, nyumba ya padri.
Ndivyo nilivyoyajua majina ya watoto wake wote.

Sitaki kusema uongo: mpira nao hudanganya.
Kiputo kimoja cha hewa, kidogo kama punje ya ulezi,
na msingi wa Bi Kabugho ukaenda upogo
vidole vitatu. Mvua ya kwanza
iliingia jikoni kumjulia hali.
Na baba, aliyenifundisha kazi, alipima kwa shubiri na dhiraa;
mkono wake ulikuwa mfupi kuliko wa fundi mwenzake,
ndiyo maana milango ya upande mmoja wa mtaa wetu
huinamisha watu, na ya upande wa pili haina habari nao.
Mwili ni rula inayozeeka.
Alipofika sabini shubiri yake ilikwisha kujikunja,
na vyumba vyake vikapungua pamoja naye.

Kwa hiyo nilikipenda kidude. Nakiri.
Hakina kiputo, hakina baridi yabisi,
hakichelewi kwa sababu ya msiba.
Vijana wakakiita pimamaji
ingawa ndani yake hamna hata tone.

Saa saba jua likasimama wima juu ya bonde.
Mstari ukafifia, ukapauka,
ukafia ukutani mbele yetu.
Kasozi akaukingia kofia, akaukingia kiganja,
akatuma mtoto alete gunia la saruji lililo tupu.
Kisha, macho yake yakiwa mlimani:
"Ule mpira wenu uko wapi?"

Thembo walikwisha mpeleka kwenye zege.
Alinawa mikono polepole, hadi viwiko,
kama mtu aliyealikwa mezani.
Akashuka Nyamwamba, akarudi na ndoo,
tukaujaza mpira, tukakifukuza kiputo kwa vidole
mpaka kikatoka na kusema *pwa*.
Mimi huku. Yeye kule.
Tukaipima alama iliyoachwa na leza asubuhi.

Milimita mbili.

Nani kakosea? Mto?
Betri? Jicho langu la kushoto
ambalo tangu Pasaka linaona ukungu?
Kasozi alipiga magoti kwenye kokoto, akatazama maji,
akatazama tena, akafuta miwani,
na kwa mara ya kwanza akaniuliza jina langu.
"Masika," nikasema.
Milimita mbili nikazizika ndani ya saruji,
mahali waashi wanapozika kila kitu.

Jioni karani alisoma orodha ya malipo.
Thembo alikuwamo, mstari wa mwisho,
kwa penseli.
Akaondoka na mpira begani, maji bado yamo,
yakichezacheza kila alipopiga hatua,
yakitafuta.

Redio inasema kesho
mchana kutwa ni mawingu.