Umeme wa Pili

Maracaibo tuna umeme wa aina mbili.
Wa kwanza ni wa mbinguni: kusini mwa ziwa,
usiku baada ya usiku, unaandika na kufuta juu ya maji,
hauna mita, hauna ankara,
na foleni ya kuulalamikia haipo.
Wa pili ni huu wa ukutani.

Huu huondoka bila kwaheri, hurudi bila hodi,
na ukirudi huja na mabega,
kama mtu anayevunja mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Nerio, fundi majokofu wa ghorofa ya chini,
aliniambia bisibisi ikiwa mdomoni:
"Egleé, giza halijaua jokofu hata moja.
Kinachoua ni marejeo."
Sikumsikiliza. Mimi ni mtunza hesabu;
niliamini hasara ni kile kinachoondoka.

Hadi Jumanne ile, tarehe kumi na nne.
Nilikuwa foleni ya maji na madumu mawili,
joto limeufunika mtaa kama kifuniko cha sufuria,
mara madirisha yote yakapiga yowe: "Umerudi!"
Nikapiga yowe pamoja nayo.
Kisha nikakumbuka waya.

Ghorofa tatu. Madumu niliyaacha ngazini.
Kompyuta ilikuwa imetulia, kimya,
kama mtoto aliyekwisha kufanya jambo.
Harufu ndiyo iliyosema.

Nakala yangu ya mwisho ilikuwa ya tarehe tatu.
Siku kumi na moja za duka la mikate la Ninoska,
unga, hamira, na orodha ya madeni,
zilitoka kwa moshi kupitia tundu za feni.
Wadaiwa kumi na tisa. Waliojikumbuka: wanne.
Heberto alikumbuka kwamba yeye ndiye anayedai.

Ninoska hakunigombeza. Alichukua mkate wa jana,
akaukata katikati, akasema, kula.
Bora angenigombeza.

Sasa nyumba yangu ina sheria.
Taa zikizimika, kabla ya mshumaa, kabla ya laana,
mkono unakwenda kwenye plagi:
jokofu chomoa, feni chomoa, kompyuta.
Ender hunicheka gizani, ati nakamua ukuta.

Chini ya meza kuna sanduku la betri, la mtumba,
zito kama jiwe la kusagia,
linalolia kama kifaranga kilichopotewa na mama.
Linanipa dakika saba.
Mbili za kuhifadhi, moja ya kunakili,
moja ya kuizima kompyuta kwa heshima,
tatu za kukaa tu na kulisikiliza likilia.

Na ukirudi, hatuushangilii tena.
Tunauacha usimame mlangoni.
Kidude alichonifungia Nerio kinawasha taa nyekundu, kinafikiri.
Jokofu la jirani linakohoa mara mbili, linashika.
Tunahesabu hadi mia mbili, mimi na mwanangu Yorman,
ambaye kila mara huruka kutoka themanini hadi mia
na mimi humrudisha.
Kijani.
Haya, karibu. Keti. Usiguse kitu.

Nakala moja naivaa shingoni, kwenye flashi,
kamba moja na medali ya Bikira;
zinagongana nikipanda ngazi.
Nyingine iko Cabimas, ng'ambo ya daraja,
ndani ya kopo la mchele la dada yangu.
Kila Ijumaa napanda basi kwenda kuibadilisha.
"Umeniletea nini?" huuliza.
"Kumbukumbu."
Huchungulia kopo. "Na mchele?"

Usiku huu tumekatiwa tena.
Ender amelala sakafuni akitafuta ubaridi wa vigae,
nyaya zinaning'inia, sanduku limekwisha kulia.
Kule kusini ule wa kwanza uko kazini,
unamulika roshani, unamulika ndoo,
unamulika daftari la karatasi
ambalo nalo nimelirudia, kwa siri, kwa penseli.
Mwako mmoja, mstari mmoja. Nangoja mwingine.
Heberto: mikate sita.
Nangoja.
Bado.