Kurasa za Nyuma

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya madeni.
Mbele yumo Mama Tweve, madebe mawili, hajalipa;
yumo fundi baiskeli, sado moja, tangu Pasaka;
yumo mwalimu wa Igawilo, aliyehama
na viazi vyangu tumboni.
Nyuma nimo mimi.

Saa kumi na moja alfajiri, Uyole, mwezi wa sita,
wino umeganda ndani ya peni.
Naibana kwapani kama kipimajoto cha mgonjwa,
nasubiri.
Sentensi moja tu kwa siku,
kabla fuso ya Isyonje haijapiga honi.

Siku ya kwanza niliandika: Mimi ni mzuri.
Nikacheka peke yangu, nikaikata.
Ya pili: Nasitahili kupendwa.
Mkono ulitetemeka
kama wa mtu anayedhamini mkopo wa asiyemjua.
Ya tatu nikashusha bei,
kama tunavyoshusha sokoni jua likizama:
Leo nina miguu miwili, na soksi.

Hiyo niliiamini.
Nikaanzia hapo.

Miaka tisa kwa Ambakisye nilikuwa lumbesa:
gunia limejaa, wakashonea wavu juu,
wakajaza na wavu,
na bado bei ni ya gunia moja.
Akirudi kutoka Tunduma amenuna, kosa langu.
Akirudi anacheka, shukrani zangu.
Akinyamaza, nilipekua maneno yangu ya juzi
kama mtu aliyeangusha sindano majanini.
Samahani niliitoa kama chenji,
hata kwa aliyenikanyaga.
Nilidhani kupenda ni kubeba.
Kumbe mgongo nao una mwenyewe.

Jumanne: Nimekula kabla sijauliza nani ameshiba.
Jumatano sikuandika. Iliamka kabla yangu ile sauti,
ile inayojua jina langu la utotoni
na siku zote nilizojikojolea.
Alhamisi: Jana sikuandika, na sijafukuzwa duniani.
Siku ya mvua, bila tarehe:
Nimejigonga mlangoni. Sikuuomba msamaha mlango.

Kisha Bupe, binti yangu, darasa la nne,
akalikuta daftari akitafuta karatasi ya kufungia karanga.
Nilisimama na sufuria ya uji mkononi,
sina pa kuiweka wala pa kujificha.
Hakusema kitu.
Alichukua kalamu nyekundu
akapiga vema mstari kwa mstari,
hata ule wa soksi.
Kwenye ule wa pili akanipunguzia alama,
akaandika pembeni, herufi zimesimama kama askari:
Si nasitahili. Ni nastahili. Rudia mara tano.

Nikarudia, nifanyeje, mwalimu kasema.
Nastahili kupendwa. Nastahili kupendwa.
Mara ya nne sauti ikanitoka
nisiyoijua,
uji ukaungua.

Jana usiku Ambakisye alipiga simu kutoka mpakani.
Kwamba foleni haisogei, kwamba ana baridi,
kwamba nimtumie elfu ishirini,
kwamba kama kweli nampenda.
Zamani ningekimbia kwa wakala, kandambili mguu mmoja.
Nikamwambia: Nimesikia. Pole kwa baridi.
Hela ninayo, ni ya ada ya Bupe.
Akanyamaza.
Nami nikauacha ukimya ule uwe wake, sikuupekua.

Alipokata, nilifungua daftari mbele,
nikamwandika chini ya mwalimu wa Igawilo:
Ambakisye, miaka tisa.
Kiasi nikaacha wazi.

Sasa madeni yanakuja kutoka huku,
mimi natoka kule,
zimebaki kurasa kumi na moja hadi kwenye pini za katikati.
Sijui tukikutana tutasalimiana vipi.

Honi hiyo.
Ukungu bado umelala juu ya mabati ya soko,
lakini leo wino umewahi kuyeyuka.
Naandika haraka, mwandiko umelala upande:
Gunia moja ni gunia moja.
Halafu nafunga kitenge, natoka,
na mizani yangu.