Ilikuwa Biriani

Viti vilikuwa arubaini, vya harusi, vya kuazima,
kimoja mguu wake umegangwa kwa kamba ya katani.
Hicho nikakikalia mimi, nyuma kabisa, karibu na ngazi,
kwa kuwa mwandishi mwenye haya
hutaka pa kukimbilia.

Darini kwa Bi Somoe, mtaa wa Mkomani,
kiingilio shilingi hamsini, kahawa ndani ya bei.
Watu walikuja na mito yao, na watoto wao,
na kikohozi chao,
wakakaa kama waliokuja kuposa:
wanaangalia kwanza.

Hadithi ni yangu. Kurasa sita.
Niliiandika dukani, baina ya mteja wa dawa ya minyoo
na mteja wa deni.
Bwana mmoja aliingia matanga yasiyo yake,
akalia kwa sauti, akafarijiwa,
akala pilau sahani mbili,
ndipo akauliza: "Kwani aliyekufa ni nani?"

Karatasini, naapa, ilikuwa imelala.

Kisha akasimama Shekuwe.
Mchana hutengeneza mafriji, usiku ule
alivaa kanzu ya mtu mnene na miwani isiyo vioo.
Hakusema kitu. Akatutazama mmoja mmoja,
akafungua karatasi zangu, akapiga chafya.
Watu wakacheka.
Chafya sikuiandika!

Nilipoweka mkato, yeye aliweka nyusi.
Nilipoweka nukta, aliweka kimya
ambacho mtu angeshuka chini, akafunga mlango, akarudi
akakikuta bado.
Ile sentensi niliyoipenda kuliko zote,
yenye mwezi na tashbihi mbili,
aliiruka kama mtu arukavyo mtaro,
wala hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.
Lakini "akakaa," neno moja, neno maskini,
alilisema huku akitafuta pa kukaa palipokwisha kukaliwa,
mpaka mama mmoja wa Langoni akashika tumbo:
"Basi, mwanangu, basi! Nina mishono!"

Sasa sikiliza.
Safu ya mbele, kiti cha tatu, alikaa ami yangu Famau.
Sikumwalika. Nani angemwalika?
Yeye ndiye. Yeye ndiye yule bwana.
Mimi nilimvika tu jina jingine na masharubu,
nikamhamishia Faza.
Tangu mwanzo naona kisogo chake tu,
na kisogo cha ami hakisomeki.

Shekuwe akafika pale: "Akajipakulia pilau, sahani ya pili..."
Ami akasimama.
Dari nzima ikanyamaza, hata watoto.
Kiti changu kikatoa mlio.
Akainua kidole, kidole kilekile kilichonifunza alifu,
akasema polepole, kama atoaye ushahidi kwa kadhi:
"Ilikuwa biriani."

Pumzi moja, hakuna kitu.
Kisha vikombe vikamwagika, mito ikarushwa,
na jirani wa nyumba ya pili, ambaye hakulipa,
akacheka dirishani kwake
bila kujua anachekea nini.

Shekuwe, Mola amhifadhi, hakubabaika.
Alimwinamia ami, akavua miwani,
akavifuta vile vioo visivyokuwapo,
akaivaa tena, akasoma upya:
"Akajipakulia biriani. Sahani ya pili."

"Ya tatu," akasema ami, akakaa.

Sijui mwisho ulisomwa au haukusomwa.
Nilikuwa nikiitazama hadithi yangu
kama mtoto aliyejua kutembea mimi niko dukani.

Niliposhuka, ami alikuwa ananingoja chini, kizani.
"Kurasa sita," akasema, "na kilio changu umekipa mistari miwili.
Nililia zaidi ya hapo.
Nililia vizuri."
Kisha akanyosha mkono. Nikadhani ananiaga.
"Hamsini yangu," akasema.
"Mtu halipi kujitazama."

Nikampa mia.
Hakurudisha chenji.