Kiti Kipana

Ile nyekundu nimemuuzia kijana wa Tandika.
"Sisi ngapi, mzee?" aliniuliza.
Sisi mia na ishirini na tano, nikamjibu,
na juu yake sisi wawili:
mimi, na Skolastika amekaa upande,
mkono mmoja umeshika kiuno changu,
mwingine kapu la dagaa,
Buguruni hadi Segerea,
enzi Segerea ni mikorosho na giza.

Goti la kulia, lile la kupigia kiki,
lilianza kugoma asubuhi za kipupwe.
Kila tuta la Tabata likapanda mgongoni,
pingili kwa pingili,
kama mtu anayehesabu madeni.
Daktari wa Amana aliitazama picha, akanitazama mimi.
"Unaendesha nini?"
Nikamwambia.
Akaandika dawa ya kuchua, na chini yake neno moja
nisiloweza kulisoma.
Skolastika akalisoma: Basi.
Mpaka leo hatujui
ni basi la kupanda
au basi, imetosha.

Mimi nikaenda Gerezani kwa Chambuso,
fundi anayenijua tangu nina nywele.
Akavuta turubai.
"Imetoka Japani. Mwenyewe alizeeka."
"Hata mimi," nikasema.
Kiti kipana kama godoro la mgeni,
kioo mbele cha kuupasua upepo,
masanduku mawili ubavuni,
na nyuma egemeo la ngozi
kama la mwenyekiti wa kamati ya harusi.
Kiki haina. Unagusa kitufe,
nayo inaitika kwa sauti nzito,
sauti ya mtu asiyefukuzana na yeyote.
Nikalipa kwa kiinua mgongo.
Kwa mara ya kwanza neno hilo
likafanya kazi yake.

Mwinchande alikuwa akisema
pikipiki kubwa ni sofa lenye breki.
Aliapa hatabadilisha, akafa akizeeka.
Sasa anakaa Mbezi, juu ya sofa lisilo na breki,
na kila Jumapili mjukuu humwashia ile yake ya zamani
chini ya ngazi,
aisikilize dakika tano, kisha izimwe.
Tulimpitia. Akatoka na mkongojo,
akapanda yangu ikiwa imesimama,
akashika usukani, akaangalia ukuta wa jirani
kana kwamba ni Mikumi.
"Kiti hiki," akasema.
Hakumalizia.

Kibamba, kituo cha mafuta,
niliweka mguu penye dizeli iliyomwagika.
Ikalala. Haikuanguka, ililala,
polepole, kama ng'ombe aliyekwisha amua.
Kilo mia tatu na nusu.
Niliita nguvu za mwaka tisini na mbili;
hazikuitika.
Skolastika hakucheka,
na hilo ndilo lililoniuma.
Wakaja vijana watatu wa bodaboda, viberiti mdomoni:
"Mzee, wewe shika usukani tu."
Wakaiinua kama kitanda cha mgonjwa.
Mmoja akaipangusa tangi kwa kiganja,
taratibu, kwa adabu.
"Sisi ngapi hii?"
Elfu moja na mia tatu, nikasema,
na nikajua kwamba kuanzia leo
popote nitakapoiangusha
nitahitaji watu.

Tukaendelea. Lami ya Kiluvya ikanyooka,
mgongo ulikuwa kimya, goti lilikuwa kimya,
upepo ulipita pembeni kama jirani mstaarabu.
Nikatazama kioo cha kando:
ameegemea ngozi, mikono mapajani,
anasinzia.
Miaka thelathini na minne mkono ule ulikuwa kiunoni
nami nilidhani ni mimi anayenishika,
kumbe ni hofu ya kuanguka.
Au vyote viwili. Sijui.
Kiuno changu kilikuwa cha baridi.

Nikagusa breki kidogo.
Kofia yake ikaigonga yangu: ko.
Mkono ukarudi mahali pake.
"Nini?"
"Tuta."

Hapakuwa na tuta.
Hakuuondoa.